Kompyuta hiyo ya mezani ina TPM? Namna ya kujua kabla hujatoa pesa

Swali hili limezidi katika maduka ya kompyuta za mtumba Kampala tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inayoifuata inataka TPM 2.0, na TPM ni sehemu ya kompyuta inayotunza funguo za siri. Mnunuzi anauliza, "Hii ina TPM?" Muuzaji anajibu, "Ipo, ssebo, usiwe na wasiwasi," na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Jibu hilo linaweza kuwa kweli tupu na bado mashine ikagomea Windows 11 jioni hiyohiyo. Kinyume chake pia hutokea: Windows inasema hakuna TPM, mnunuzi anaiacha mashine nzuri mezani, kumbe TPM imo ndani, imezimwa tu kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio inayowaka kabla ya Windows.

Kwa hiyo kuuliza kama ipo hakutoshi. Ujue ni ya aina gani, ni toleo gani, na imewashwa au imelala. Yote hayo unaweza kuyapata ukiwa hapohapo dukani, mara nyingi bila hata kulegeza skurubu moja.

TPM hutengeneza funguo za siri na kuzificha mahali ambapo Windows, virusi au fundi mwenye bisibisi hawawezi kuzisoma kirahisi. Kompyuta inapowaka, kila hatua ya programu inayopakiwa hupimwa, na vipimo huandikwa ndani ya TPM katika rejista ziitwazo PCR. BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski (kuigeuza isomeke kwa ufunguo tu), huufunga ufunguo wa diski kwa vipimo hivyo. Vikilingana, diski hufunguka yenyewe na mtumiaji haoni lolote. Mwizi akiichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, anakuta takataka. Kwa SACCO iliyoko Mbale au zahanati ya Arua, ambayo kompyuta yake moja ya mezani imebeba majina, namba za simu na NIN (namba za utambulisho wa taifa) za mamia ya watu, hii ndiyo sababu ya kweli ya kuitaka TPM. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na diski isiyosimbwa haina ulinzi wowote pindi dirisha la ofisi likivunjwa. Windows 11 ni sababu ya pili, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele.

Iko wapi ndani ya mashine

Kuna TPM ya chipu ya pekee, iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, yaani madabodi. Watengenezaji wakubwa ni Infineon, Nuvoton na STMicroelectronics. Ukifungua kasha la Dell, HP au Lenovo za ofisini, tafuta kichipu cha mstatili chenye miguu 28, chenye urefu unaokaribia sentimita moja, au kile cha mraba cha milimita 5 kwa 5 kisicho na miguu inayoonekana. Chipu za Infineon huwa na maandishi kama SLB9660 au SLB9665 au SLB9670. Ya kwanza ni toleo la 1.2, ya pili kwa kawaida ni 2.0, na ya tatu ilitengenezwa kwa matoleo yote mawili. Usiichanganye na chipu ya BIOS, ambayo ina miguu minane tu. Kusema kweli, kutafuta kwa macho ni njia ya mwisho kabisa. Vumbi la mashine za mtumba peke yake linatosha kukukatisha tamaa.

Kuna TPM iliyomo ndani ya prosesa na chipseti, isiyo na chipu ya kuonekana. Intel huiita PTT, AMD huiita fTPM. Bodi nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 6 zina PTT, na mashine za Ryzen zinazotumia soketi ya AM4 zina fTPM. Hii ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu bodi nyingi zilizouzwa madukani kabla ya 2021 zilitoka kiwandani ikiwa imezimwa. Mtu anafungua kasha, haoni chipu, anaona soketi tupu iliyoandikwa "TPM", anahitimisha kwamba mashine haina, kisha anaenda kununua kijichipu asichokihitaji.

Aina ya tatu ni hicho kijichipu chenyewe, moduli ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya pini. Nitairudia chini, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Kama Windows inawaka

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `tpm.msc`, bonyeza Enter. Ukikuta "The TPM is ready for use", angalia chini kulia palipoandikwa "Specification Version". 2.0 ni sawa, 1.2 ni ya zamani. Ukikuta "Compatible TPM cannot be found", usikate tamaa wala usiache mashine. Maneno hayo yana maana kwamba Windows haikuonyeshwa TPM yoyote na BIOS. Hayasemi kama ipo ama haipo.

Kwa maelezo zaidi fungua PowerShell kwa haki za msimamizi, kisha:

`Get-Tpm`

Mistari ya kutazama ni TpmPresent, TpmReady na ManufacturerIdTxt. Huu wa mwisho ndio unaokuambia aina. INTC ni PTT ya Intel, AMD ni fTPM. IFX ni chipu ya Infineon, NTC ni ya Nuvoton, STM ni ya STMicroelectronics. Kama TpmPresent ni True lakini TpmReady ni False, mara nyingi chipu ipo ila haijaandaliwa, au bado imesajiliwa kwa mmiliki wa zamani. Hilo hutatuliwa kwa kuisafisha (Clear), na kuisafisha kuna hatari zake, maana hufuta funguo zilizomo.

Namba ya toleo haionyeshwi vizuri na amri hiyo, kwa hiyo ongeza:

`tpmtool getdeviceinformation`

Mafundi wengi bado wanatumia `wmic` kwa kazi hii. Kwenye Windows 11 mpya inaweza isiwepo kabisa, na kukosekana kwake hakuhusiani na TPM.

Kwa kuwa umeshawasha mashine, andika pia `msinfo32` kwenye dirisha lilelile la Windows na R. Tazama "BIOS Mode" na "Secure Boot State". Kama BIOS Mode inasema Legacy, yaani mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, kumbuka hilo, kwa sababu Microsoft yenyewe inasema TPM 2.0 haifanyi kazi katika hali ya Legacy au CSM (hali inayouiga mtindo huo wa zamani). Mashine nyingi za mtumba zimesakinishwa Windows kwa mtindo wa Legacy kwa sababu fundi alitumia flashi yake ya zamani, na TPM nzima inaonekana mbovu bila kosa lake.

Kama haina Windows, au huiamini iliyopo

Kompyuta za mtumba mara nyingi huuzwa na diski tupu, au na Windows iliyopachikwa haraka. Beba flashi ya GB 8 yenye Linux ya kuwaka moja kwa moja. Linux Mint inatosha. Iwashe mashine kwa flashi hiyo, fungua terminali, andika:

`ls /dev/tpm*`

Ukipata `/dev/tpm0` na `/dev/tpmrm0`, una TPM 2.0. Ukipata `/dev/tpm0` peke yake, hiyo ni 1.2, kwa sababu kifaa cha tpmrm0 hutengenezwa kwa toleo la 2.0 tu. Ukiambiwa hakuna faili, ongeza:

`sudo dmesg | grep -i tpm`

Mstari wenye `tpm_tis` mara nyingi ni chipu ya pekee. Wenye `tpm_crb` mara nyingi ni PTT au fTPM. Pasipo mstari wowote wa maana, nenda BIOS.

Njia hii naipenda kuliko ya Windows kwa ununuzi wa dukani. Haigusi diski, haihitaji bando, na muuzaji hawezi kusema kwamba umeharibu kitu. Kupakua faili ya Windows 11, ambayo inazidi GB 5, ili tu ugundue kwamba mashine haifai, ni kuchoma data bure.

Ndani ya BIOS

Hapa ndipo penye jibu la mwisho. Vitufe vya kuingilia: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo ThinkCentre, na Delete kwa bodi nyingi za kuunganisha mwenyewe.

Kwa Dell OptiPlex tafuta Security, kisha "TPM 1.2 Security" au "TPM 2.0 Security", kichwa chenyewe tayari kinakupa toleo. Hakikisha imewekewa alama ya kuwashwa, na kwenye baadhi ya matoleo kuna alama ya pili ya "Enabled" au "Activated". Kwa HP nenda Security, kisha "TPM Embedded Security" au "TPM Device". Ikiandikwa Hidden, ibadilishe kuwa Available. HP hukuomba uthibitishe mabadiliko mashine inapowaka tena, kwa kubonyeza kitufe kinachotajwa kwenye skrini. Usipobonyeza, inarudi palepale, na watu hudhani BIOS ni mbovu. Kwa ThinkCentre ni Security, kisha "Security Chip" au "TCG Feature Setup", na kwenye baadhi ya modeli unachagua kati ya chipu ya pekee na ya ndani ya prosesa.

Bodi za kuunganisha mwenyewe zimeificha zaidi. ASUS ya Intel: Advanced, PCH-FW Configuration, PTT. ASUS ya AMD: Advanced, AMD fTPM configuration. Gigabyte ya Intel: Settings, Miscellaneous, "Intel Platform Trust Technology". MSI: Security, Trusted Computing, "Security Device Support". Majina hubadilika kidogo kati ya matoleo ya BIOS, kwa hiyo usishike neno moja. Tafuta PTT, fTPM, TPM, Security Device au Trusted Computing.

Menyu ikiwa ya kijivu na haibonyezeki, mashine ina nywila ya msimamizi wa BIOS. Hili ni la kawaida sana kwa mashine zilizotoka kwenye kampuni kubwa za nje. Kwenye OptiPlex na HP za zamani kuna kijumpa kwenye madabodi kilichoandikwa PSWD; ukikiondoa kwa utaratibu wa mtengenezaji, nywila inafutika. Kwenye mashine mpya zaidi mambo si rahisi hivyo, na muuzaji anayeahidi kwamba "fundi wetu ataitoa kesho" aitoe kwanza, ndipo ulipe.

Ukiwa humohumo Security, tazama pia "Computrace" au "Absolute". Ikiwa Activated, kuna mwenye mali mahali fulani ambaye bado anaweza kuifuatilia mashine hiyo. Iache.

Modeli za mtumba zinazopatikana sana

Kizazi cha prosesa ndicho kinachoamua zaidi ya TPM. Windows 11 inataka TPM 2.0, ndiyo, lakini pia inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa kawaida huanzia mfululizo wa 2000. Jihadhari na Ryzen 3 2200G na Ryzen 5 2400G: namba zinaanza na 2, lakini ndani ni muundo wa kizazi cha kwanza, na hazimo kwenye orodha.

OptiPlex 7010 ya 2012 na HP Compaq Elite 8300 ni kizazi cha 3: TPM 1.2, na hakuna safari ya kwenda 2.0. OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 ni kizazi cha 4, hali ileile. Halafu kuna mtego: Dell ililirudisha jina la OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa zenye prosesa za kizazi cha 13. Tangazo linalosema "OptiPlex 7010, inakubali Windows 11" linaweza kuwa la kweli kwa moja na uongo kwa nyingine. Tazama prosesa, usitazame jina.

Kizazi cha 6 na cha 7 ndicho kinacholeta ugomvi mkubwa zaidi kati ya wateja na mafundi. OptiPlex 7040 na 7050, EliteDesk 800 G2 na G3: hizi ama zina TPM 2.0 tayari, ama zina 1.2 inayoweza kugeuzwa kuwa 2.0 kwa programu ya mtengenezaji. Muuzaji anaonyesha `tpm.msc`, inasomeka 2.0, mnunuzi analipa, na programu ya PC Health Check inasema prosesa haikubaliki. Hapo TPM haina kosa lolote.

Kuanzia OptiPlex 3060, 5060, 7060, EliteDesk 800 G4, ProDesk 600 G4 na ThinkCentre M720, unaingia kizazi cha 8, na mashine hizi kwa kawaida huja na TPM 2.0. Zimo pia zilizotengenezwa bila chipu kwa ajili ya masoko ya nchi kama China na Urusi, ambako sheria za vifaa vya usimbaji ni tofauti, na mtumba hauulizi ulikotoka. Ukikuta EliteDesk ya kizazi cha 8 isiyo na menyu ya TPM hata baada ya kusasisha BIOS, huenda ni mojawapo. Kwa Dell, andika Service Tag (namba ya utambulisho ya mashine) kwenye tovuti ya Dell uone ilivyotoka kiwandani.

Kugeuza 1.2 kuwa 2.0

Kwa OptiPlex zinazokubali, mpangilio una umuhimu. Sasisha BIOS kwanza. Zima BitLocker kabisa na usubiri diski yote isimbuliwe, usiisimamishe tu kwa muda. Kisha kwenye PowerShell ya msimamizi andika `Disable-TpmAutoProvisioning`, zima na kuwasha, ingia BIOS, chagua Clear kwenye TPM. Rudi Windows, endesha programu ya Dell ya kubadilisha toleo. Ukimaliza, `Enable-TpmAutoProvisioning`.

Watu wengi huruka ile amri ya kwanza. Windows ikiikuta TPM iliyosafishwa, huimiliki tena papo hapo inapowaka, na programu ya Dell hukataa kugusa chipu yenye mmiliki. Fundi anarudia mara nne, anapata kosa lilelile, anasema chipu imekufa.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS au chipu, unaweza kubaki na madabodi isiyowaka. Kazi hii ifanywe kwenye UPS yenye betri inayoshika chaji kweli, maana ile inayolia kidogo na kuzima haikusaidii.

Moduli ya kuchomeka: tazama PTT kwanza

Mwezi Juni 2021, Windows 11 ilipotangazwa, bei za moduli hizi zilipanda ghafla kote duniani, na wengi walionunua walikuwa tayari na PTT au fTPM. Maoni yangu ni kwamba kwa mashine ya nyumbani au ofisi ndogo iliyo na PTT, moduli haina faida ya kutosha kugharamia.

Kama kweli unaihitaji, usinunue kwa kuangalia tu neno TPM. Kuna soketi za pini 20, 14 na 12, kila moja ikiwa na tundu moja lililozibwa ili usichomeke kinyume. Ndiyo maana huandikwa 20-1, 14-1, 12-1. Bodi za zamani hutumia njia ya LPC, mpya hutumia SPI, na moduli ya moja haifanyi kazi kwenye nyingine hata ikiingia. Nafasi kati ya pini nazo hutofautiana, kuna za milimita 2.0 na za 2.54. Hata pini zikilingana kwa idadi, mpangilio wa ASUS si lazima uwe wa MSI. Volti 3.3 ikikutana na pini isiyo yake unaweza kuua moduli, na ukiwa na bahati mbaya, bodi. Soma kitabu cha bodi, tafuta jina la moduli lililotajwa humo, nunua hilo. Chomeka kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, kisha kwenye BIOS badili "TPM Device Selection" itoke fTPM au PTT iende "Discrete". Mashine hutumia moja tu kwa wakati.

Kinachoharibika baada ya kuwasha

Betri ya CR2032 ndiyo inayosumbua zaidi mashine za mtumba. Mashine ikiwa na umri wa miaka saba au minane, betri yake imechoka. Umeme ukikatika, au ukiizima ukutani kila jioni, BIOS husahau kila kitu: tarehe inarudi nyuma miaka, na PTT inarudi kwenye hali ya kiwandani, yaani kuzimwa kwenye bodi nyingi. Asubuhi Windows inaomba ufunguo wa uokoaji wa BitLocker wenye tarakimu 48, na hakuna anayeujua. Badilisha betri siku unayonunua mashine, kabla ya kusimba diski.

Kusasisha BIOS kunaweza kuleta jambo lilelile. Kabla ya kusasisha, andika:

`manage-bde -protectors -disable C:`

Ukimaliza na mashine imewaka salama, rudisha kwa `-enable`. Kwenye AMD, ukibadilisha prosesa, utakutana na ujumbe unaouliza ubonyeze Y au N kuhusu fTPM. Y hufuta funguo. Kama diski imesimbwa na huna ufunguo wa uokoaji mkononi, bonyeza N, urudishe prosesa ya zamani, upate ufunguo kwanza.

Baadhi ya mashine za Ryzen zilikuwa zikikwama kwa sekunde moja moja, sauti ikikatikakatika, fTPM ikiwa imewashwa. AMD ilikiri mwaka 2022 na kutoa marekebisho kupitia BIOS zenye AGESA 1.2.0.7 (AGESA ni msimbo wa AMD ulio ndani ya BIOS). Dawa ni kusasisha BIOS, si kuizima fTPM.

Kwa chipu za Infineon za zamani, `tpm.msc` inaweza kuonyesha onyo linalotaja ADV170012. Huo ni udhaifu uliotangazwa Oktoba 2017: chipu zilitengeneza funguo za RSA zinazoweza kukisiwa. Pakua sasisho la chipu kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, kisha uisafishe ili funguo za zamani zitupwe.

Ufunguo wa uokoaji wenyewe, uchukue kabla hujagusa lolote kati ya haya:

`manage-bde -protectors -get C:`

Uchapishe, uweke kwenye sefu au kwa mhasibu, nje ya kompyuta hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba ukisakinisha upya Windows 11 toleo la 24H2 na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kusimbwa yenyewe bila kuulizwa, hata kwenye toleo la Home. Ufunguo unakuwa kwenye akaunti hiyo. Kama akaunti ni ya fundi aliyekusakinishia, basi ufunguo wa ofisi yako uko kwa fundi.

Na kama wasiwasi wako ni kuibiwa kasha zima, TPM peke yake itamfikisha mwizi hadi kwenye skrini ya nywila ya Windows. Kwenye Windows Pro, ongeza PIN ya kuwashia: fungua `gpedit.msc`, kwenye sera za BitLocker washa "Require additional authentication at startup", halafu:

`manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN`

Windows huipanga TPM 2.0 ijifunge baada ya makosa 32, kisha isamehe kosa moja kila dakika 10. PIN ya tarakimu sita inamchosha mtu kabisa kwa mwendo huo. PIN pia inaziba tundu la chipu za pekee, ambazo hupitisha ufunguo wa BitLocker wazi kwenye nyaya za ubao, na watafiti wamekwisha kuunasa kwa vifaa vya bei ndogo.

Mashine za kizazi cha 3 na 4 zenye TPM 1.2 nazo hazijapoteza thamani yote. BitLocker ya Windows 10 Pro inaitumia 1.2 bila shida, tatizo lililobaki ni kwamba Windows 10 yenyewe haipati tena masasisho ya kawaida. Kuna mafundi wanaopachika Windows 11 humo kwa kuruka ukaguzi. Inawaka, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hizo, na prosesa za zamani zaidi ya hizo, zisizo na maagizo ya SSE4.2, hazitawasha 24H2 kwa ujanja wowote. Kwa mashine ya kuandikia barua ningeweka Linux na kusimba diski kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, yenye nywila. Kufungua LUKS kwa TPM kupitia `systemd-cryptenroll` kunahitaji 2.0, kwa hiyo hapo nywila itaandikwa kila asubuhi.

Siku ya kuiuza mashine, futa diski, endesha `Clear-Tpm` kwenye PowerShell ya msimamizi, na uondoe nywila ya BIOS ili mnunuzi wako asikute menyu ya kijivu.